Kabla hujalipia mashine ya databesi, ibane kwanza

Kotesheni ya seva ya databesi ikifika ofisini huwa inapendeza: kori 32 (viini vya prosesa), memori GB 512, diski za SSD (zisizozunguka), pawasaplai mbili, waranti miaka mitatu, na bosi anaruka moja kwa moja mpaka chini kwenye bei anauliza kama hawawezi kupunguza kidogo. Shida ni kwamba karibu hakuna kitu kwenye hiyo karatasi kinachokuambia kama mashine itabeba kazi yako siku ya mshahara. Kasoro za hizi mashine zinajulikana, ni zilezile kila mwaka, na muuzaji hawezi kukutajia hata moja mpaka uulize. Kwa hiyo huu mwongozo ni wa mtu wa IT wa SACCO, hospitali, kiwanda, duka la jumla, ofisi ya wilaya, yeyote aliyepewa kazi ya kuandika tenda na hataki kulaumiwa baadaye. Ukiwa ofisi ya serikali unafuata PPDA, yaani sheria ya manunuzi ya serikali ya Uganda, na huwezi tu kuandika jina la kampuni unayoipenda, basi ndo vizuri zaidi, andika vipimo.

Anza na mashine uliyonayo, hata kama ni kuukuu na inapiga kelele kama posho mill. Washa iostat -x, kiprogramu cha Linux kinachopima kazi za diski, iandike kwenye faili kwa wiki kadhaa, na hakikisha hizo wiki zimeshika mwisho wa mwezi, na kama mnapokea ada za shule basi wiki ya kufungua muhula, hapo mwezi wa pili ndo utaona ukweli wote. Safu ya kuangalia zaidi ni w_await, yaani kila ombi la kuandika linasubiri milisekunde ngapi. Watu wengi wanakimbilia kuangalia prosesa, wanakuta iko asilimia 20, wanasema mashine iko sawa, kumbe prosesa imekaa inasubiri diski. Ukishapata hizo namba unajua kama shida yako ni kuandika vitu vidogo vidogo vingi (mteja anaweka, mteja anatoa) au ni ripoti kubwa zinazosoma meza nzima usiku. Hizo ni kazi mbili tofauti na zinataka mashine mbili tofauti, usikubali mtu akuambie hii inafanya yote.

Diski, na ahadi ya kuandika

Hapa nitakaa sana manake hapa ndo pesa inapotelea.

Databesi ikimwambia mteja "muamala umekubaliwa" inatakiwa iwe imeshaandika kwenye diski kweli, sio kwenye memori ya diski, sio kwenye memori ya kontrola (kadi inayosimamia diski), kwenye kitu ambacho umeme ukikatika sekunde hiyohiyo bado kipo. Hiyo ahadi inaitwa fsync. Diski nyingi za bei rahisi, hasa SSD za kompyuta za nyumbani ambazo mafundi wa mjini wanapenda kuzipachika kwenye seva, hazina kapasita za kushikilia umeme ule wa mwisho ili data iliyo njiani ifike. Matokeo ni mawili, ama diski inasema ukweli na inakuwa polepole sana kila ikiambiwa fsync, ama inadanganya, inasema nimeandika wakati bado, na siku stima ikikatika vibaya unaamka na databesi iliyoharibika katikati.

Kupima ni rahisi na ni bure. PostgreSQL, databesi ya bure, inakuja na kiprogramu kinaitwa pg_test_fsync, hata kama nyie mnatumia databesi nyingine kisakinishe tu kwa ajili ya kupima, kielekeze kwenye diski ya data kwa pg_test_fsync -f /data/jaribio, na ndani ya dakika moja hivi kinakupa namba ya mara ngapi kwa sekunde diski inaweza kuahidi kuandika. Sasa soma hivi. Diski ya kuzunguka ya 7,200 inazunguka mara 120 kwa sekunde, kwa hiyo peke yake haiwezi kuahidi zaidi ya karibu 120. Ikikuonyesha elfu kadhaa na hakuna kontrola yenye betri mbele yake, inakudanganya, kuna memori mahali inapokea na kusema ndiyo. SSD ya kawaida isiyo na kapasita, ikisema ukweli, mara nyingi inatoa mamia hadi elfu chache. SSD ya seva yenye ulinzi wa umeme inafika makumi ya maelfu bila jasho. Kwa hiyo ndani ya dakika moja umejua kama umeuziwa diski ya seva au ya laptopu iliyovalishwa suti. Namba hii iandike kwenye tenda: fsync zisizopungua kiasi fulani kwa sekunde, zipimwe mbele yetu, diski zote ziwe na ulinzi wa kukatika umeme. Muuzaji atalalamika kwamba hajawahi kuulizwa hivyo. Sawa, leo ameulizwa.

Afu kuna RAID, yaani kuunganisha diski kadhaa ili moja ikifa data ibaki, na hasa RAID 5. Sijui nani aliwaambia watu RAID 5 ndo ya databesi. Kila andiko dogo kwenye RAID 5 linageuka kazi nne, kusoma data ya zamani, kusoma pariti (hesabu ya kurudishia data ya diski iliyokufa), kuandika data, kuandika pariti. RAID 10, inayoweka nakala mbili za kila kitu, ni kazi mbili tu. Ndiyo unapoteza nusu ya nafasi, lakini hukununua nafasi, ulinunua kasi na usalama. Na diski kubwa zina balaa lake, diski ya TB 16 ikifa na kontrola ikajaza mpya kwa MB 200 kwa sekunde bila kupumzika, hiyo ni sekunde 80,000, saa 22 na zaidi, na kazi za mchana zikiendelea itachukua muda mrefu kuliko hapo. Muda wote huo unaomba Mungu diski ya pili isife. Kontrola zenyewe zina betri ndogo au kapasita ya kulinda memori yake, na ile betri ikichoka kontrola nyingi zinaacha kutumia memori ya kuandika bila kumwambia mtu yeyote kwa sauti, unaona tu Jumatatu moja mfumo umekuwa mzito na kila mtu analaumu mtandao. Weka onyo la barua pepe kwa hiyo betri siku ya kwanza kabisa.

Diski zinazotoka kiwandani pamoja pia zinakufa pamoja. Mfano mzuri ni ule wa HPE wa Novemba 2019, walitangaza kwamba kuna SSD za SAS ambazo fimwea yake (programu iliyo ndani ya kifaa chenyewe) ilikuwa na kosa, zikifika saa 32,768 za kufanya kazi, yaani miaka 3, siku 270 na saa 8, zinakufa kabisa na data hairudi. Piga picha RAID yako yote imewashwa siku moja, diski zote zikifika saa hiyo zinakufa kwa dakika zilezile, hapo RAID inakusaidia nini? Machi 2020 wakatangaza tena kundi lingine linalokufa kwenye saa 40,000. Wao angalau walitangaza na wakatoa fimwea mpya. Kwa hiyo kwenye mkataba dai vitu viwili: muuzaji awajibike kukuletea matangazo ya fimwea kwa maandishi, na diski zisitoke zote kundi moja la kiwanda kama inawezekana. Saa za diski unaziona kwa amri ya smartctl -a, zisome kila mwezi, na zisome pia siku mzigo unafika, maana diski "mpya" yenye saa elfu 20 sio mpya ssebo.

Na uvumilivu wa kuandikwa. SSD ya TB 1.92 inayosema inaweza kuandikwa yote mara moja kwa siku kwa miaka 5 ina uwezo wa kama TB 3,500 jumla. Linganisha na ile faili ya iostat uliyokusanya, hesabu ni ya dakika tano.

Kori nyingi ni gharama, sio zawadi

Wauzaji wanapenda kuongeza kori kwa sababu zinaonekana vizuri kwenye karatasi. Lakini kama databesi yako inalipiwa kwa kori, kila kori ya ziada ni leseni. Bei ya orodha ya Oracle Enterprise Edition ni dola 47,500 kwa prosesa, na kwenye chipu za kawaida za Intel na AMD kori moja inahesabiwa nusu prosesa. Mashine ya kori 32 basi ni leseni 16, dola 760,000 kabla ya punguzo lolote, na sapoti ya asilimia 22 kila mwaka, dola 167,200. Yaani seva yenyewe ni chenji. Kwa databesi ya namna hiyo unataka kori chache zenye kasi kubwa, sio kori nyingi za polepole, na watengenezaji wanazo hizo chipu ila hazisukumwi, lazima uziulize kwa jina la kasi: heri kori 8 za gigahezi nyingi kuliko kori 32 za gigahezi mbili. Standard Edition 2 ya Oracle ni nafuu zaidi lakini ni kwa mashine zisizozidi soketi mbili (nafasi za kuchomeka prosesa) na databesi haitumii zaidi ya nyuzi 16 za prosesa (threads) kwa wakati mmoja, kwa hiyo ukinunulia mashine ya kori 64 umepamba ofisi tu. Kwa PostgreSQL leseni ni sifuri, ongeza kori unavyotaka, ila ile pesa weka kwa mtu anayeijua, na kama mtu huyo hayupo anza kumfundisha kabla mashine haijafika.

Zile mashine za kupakiwa zote pamoja

Benki na mashirika makubwa wataletewa habari ya Exadata, mashine ya Oracle yenye seva, hifadhi na databesi pamoja, na ndugu zake. Sisemi ni mbaya. Ilipotoka 2008, Oracle wakishirikiana na HP, wazo lake lilikuwa zuri kweli: badala ya kuvuta meza nzima kutoka kwenye hifadhi mpaka kwenye seva ndo uchuje, hifadhi yenyewe inachuja na kutuma mistari inayotakiwa tu. Kwa ripoti kubwa hiyo inaleta tofauti ambayo seva ya kawaida haifiki. Lakini uliza haya.

Nafasi ninayotumia ni ngapi, sio nafasi ya diski zote? Kwa sababu ukiweka nakala tatu za kila kitu, na kwa data muhimu utaweka, unabaki na chini ya theluthi moja. Brosha itaandika ile namba kubwa.

Nikitaka kuhama nitahamaje? Kuna ukandamizaji wao wa safu unaobana data vizuri sana, ila ni wa hifadhi za Oracle, na ukirudisha bakapu yako kwenye seva ya kawaida hizo meza hazisomeki mpaka zikamuliwe, na zikikamuliwa zinavimba. Maana yake kituo chako cha akiba, kile cha kukimbilia siku ya janga, nacho kinataka mashine ya aina hiyohiyo au nafasi kubwa mno.

Na teknolojia iliyo ndani itaishi muda gani? Exadata X8M ya 2019 iliingia na memori ya Optane ya Intel, isiyopoteza data umeme ukikatika, ikasifiwa sana kwa kasi, Julai 2022 Intel wakatangaza wanaachana na Optane, na X10M ya 2023 ikatoka bila hiyo, wakatumia memori ya kawaida ya seva za hifadhi badala yake. Mashine za zamani hazikufa siku hiyo, lakini ulilipia kitu ambacho mtengenezaji wake ameshaondoka sokoni. Dai barua ya tarehe ya mwisho ya spea na mwisho wa sapoti kabla ya kusaini.

Kitu ambacho watu wa huku tungetaka hawa watengenezaji warekebishe ni ukubwa wa kuanzia. Robo raki ya Exadata ni seva mbili za databesi na tatu za hifadhi, kila tabaka lina fimwea yake, swichi zake, viraka vyake vya programu, na kuviweka vyote ni kazi ya wikiendi nzima ya watu wanaojua wanachofanya. Kwa taasisi nyingi za Uganda seva mbili za kawaida, moja inafanya kazi na nyingine inafuata nyuma yake kwenye jengo lingine, zinatosha kabisa na zinabaki hela.

Umeme, joto, na ile AC

Mashine hizi zimechorwa kwa chumba ambacho umeme haukatiki na hewa ni baridi mwaka mzima. Huku, iwe zamani kampuni ya Umeme au sasa UEDCL, shirika la serikali la kusambaza umeme waliochukua Aprili 2025, wewe panga kana kwamba utakatika leo saa tisa mchana radi ikipiga, na kandokando ya ziwa radi tunazo za kugawa.

UPS (betri ya kushikilia umeme) iwe ile inayobadilisha umeme muda wote, online, sio ile inayosubiri mpaka ukatike ndo iruke. Ethi ipimwe na fundi mwenye kifaa, wengi wanalenga chini ya ohm 5, na akupe karatasi. Pawasaplai mbili ziende kwenye njia mbili kweli, moja UPS hii na nyingine UPS ile, kwa sababu ukienda kwenye vyumba vingi vya seva nyuma ya raki unakuta pawasaplai zote mbili zimechomekwa kwenye ekstensheni moja nyeupe ya soko la Kikuubo, Kampala, na swichi yake iko mahali mtu wa usafi anapitisha fagio. Hiyo sio mbili, hiyo ni moja.

Joto. Mwongozo unaotumika duniani ni nyuzi 18 hadi 27 kwa hewa inayoingia kwenye seva. Kile kiwango cha juu kilichoandikwa kwenye brosha, mara nyingi 35, kinashuka kadiri unavyopanda mlima, kwa mashine nyingi kama nyuzi moja kwa kila mita 300 ukipita mita 900, hewa ikiwa nyepesi haibebi joto vizuri. Kampala iko karibu mita 1,200, Kabale inakaribia 2,000, kwa hiyo watu wa Kigezi, eneo la Kabale, baridi inawasaidia lakini hewa yao ni nyepesi, soma karatasi vizuri. Betri za UPS nazo, kila nyuzi 10 juu ya 25 maisha yake yanakatika nusu, ndo maana zile za chumba cha nyuma kisicho na dirisha hazifiki mwaka wa pili.

Jaribio ambalo hakuna anayelifanya: zima umeme wa jengo, subiri jenereta ishike, afu simama mbele ya AC uangalie kama inawaka yenyewe. Nyingi za ukutani haziwaki mpaka mtu abonyeze rimoti. Seva ziko kwenye UPS zinachapa kazi, AC imelala, ni Jumamosi usiku, na askari wa getini hana habari. Nunua AC inayojiwasha, weka na sensa ya joto inayotuma ujumbe kwenye simu.

Spea iko wapi, nionyeshe

"Siku inayofuata ya kazi" kwenye mkataba wa sapoti inaanza kuhesabiwa wapi? Kuna wanaohesabu kuanzia siku kifaa kimetoka ghala la Dubai au Ulaya, afu Entebbe kuna forodha. Uliza ghala liko mji gani, na uandike kwenye mkataba kwamba saa zinahesabiwa mpaka kifaa kiwe mlangoni kwako, ukiwa Arua andika Arua. Halafu bila kujali wanasema nini, nunua spea zako pamoja na mashine: diski mbili, pawasaplai moja, betri ya kontrola. Ni asilimia ndogo ya bei na huwezi kuamini usingizi unaoleta.

Diski iliyokufa kwa kawaida wanataka uirudishe. Ina namba za simu na akaunti za wateja, na tangu 2019 tuna Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha, kwa hiyo lipia kile kipengele cha kubaki na diski zako zilizoharibika, karibu watengenezaji wote wanacho ila hawakitaji. Ulizia pia leseni ya kuona skrini ya seva ukiwa mbali, iLO ya HPE na iDRAC ya Dell zote zinakuja na sehemu za bure halafu skrini kwa kawaida inalipiwa, na uliza kama fimwea utaweza kuipakua mkataba wa sapoti ukishaisha. Kufungia fimwea kwa mtu aliyelipia mashine ni tabia mbaya, na mimi naona hiki ndo kitu cha kwanza cha kudai kirekebishwe, kabla ya kasi, kabla ya kori.

Siku ya kupokea

Zuia sehemu ya malipo, jadilianeni ngapi, mpaka majaribio yapite mbele ya mashahidi. Weka mzigo wa uongo, pgbench (kiprogramu cha kupima PostgreSQL) au chochote kinachofanana na kazi yenu, na ukiwa unaendelea chomoa diski moja. Mfumo uendelee, onyo lifike kwenye barua pepe, uandike imechukua saa ngapi kujaza diski mpya na kasi imeshuka kiasi gani wakati inajaza. Chomoa pawasaplai moja, rudisha, chomoa nyingine. Afu chomoa zote mbili kwa mpigo mzigo ukiwa juu kabisa, hapa muuzaji atashika kichwa, mwambie hivyo ndivyo itakavyokuwa na ni bora tuone leo akiwa bado anatudai. Mashine ikiwaka hesabu miamala, kila uliokubaliwa lazima uwepo. Mwisho rudisha bakapu kamili kwenye seva ya pili na upime muda, bakapu ambayo haijawahi kurudishwa usiihesabu.

Na waranti ianze siku mliyosaini kwamba majaribio yamepita, sio siku mzigo ulipotoka kiwandani, maana ukikaa bandarini Mombasa, ukapanga foleni Malaba, ukasubiri na karatasi za forodha, hiyo miezi yote inakatwa kwenye ile miaka mitatu uliyolipia.